Kituo cha Chumba Kimoja

Jumatatu, 13 Novemba

Leo nimeripoti kazini, na kazi ya kwanza niliyopewa ni kufagia. Kituo cha Utafiti wa Sheria za Kimataifa ni chumba kimoja nyuma ya maabara ya kilimo. Hadi wiki iliyopita kilikuwa stoo ya mbegu, na punje za mahindi yaliyopakwa dawa bado zimejaa kwenye nyufa za sakafu. Dokta Valerian, mkurugenzi, aliitikia shikamoo yangu akanipa ufagio. Nilidhani anatania. Nilipomaliza akasema, "Na pembe ile," akarudi kwenye maboksi yake ya vitabu.

Yeye mkurugenzi, mimi mtafiti msaidizi. Hapo orodha ya watumishi imekwisha.

Nyumbani Kizwite Baba aliniuliza siku imekwendaje. Nikamwambia vizuri. Baba ana Fuso mbili zinazopeleka mahindi bandarini Kasanga, na alinisomesha sheria Dar es Salaam akitegemea kuniona siku moja nimevaa joho la wakili. "Hiyo sheria ya kimataifa," alisema, "hapa Sumbawanga mtamshtaki nani?" Mama akamwambia aniache nile.

Ijumaa, 17 Novemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya meza yangu. Juu ya meza ya Dokta halivuji.

Jumanne, 28 Novemba

Mama Herieth, makamu mkuu wa chuo, alikuja kututembelea. Ni mtafiti wa ulezi, na chumba hiki kilikuwa chake kabla hatujapewa.

"Sina ugomvi na ninyi," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Lakini mwezi wa nne Baraza la Chuo linakaa. Wataniuliza kituo hiki ni cha nini, nami sina jibu. Mbegu zangu ziko kwenye korido, zinaliwa na panya."

Dokta akamweleza. Alianza na historia ya mikataba, akaja kwenye mipaka, akaja kwenye ziwa linalomilikiwa na nchi nne, akataja majina ya majaji waliokwisha kufa. Nilitazama saa: dakika arobaini. Mama Herieth alisikiliza hadi mwisho.

"Nimeelewa kila neno, Dokta," alisema, "na bado sijui ni cha nini."

Alipoondoka Dokta alikaa akitazama dirisha. Nilimwonea huruma. Halafu akaniambia barua niliyomwandalia asubuhi ina makosa manne, na huruma ikaisha.

Jumatano, 6 Desemba

Mvua. Nimepanga vitabu kwa mada. Dokta amevipanga upya kwa mwaka.

Jumanne, 19 Desemba

Semina yetu ya kwanza. Watu sita, wawili kati yao walikuwa wanakwepa mvua. Dokta alizungumza kama ukumbi umefurika. Sijui niseme ni ujasiri au ni kutokuona.

Jumatatu, 15 Januari

Chuo kimefunguliwa. Ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Nimeanza kuvaa sweta mbili. Rafiki yangu wa Dar amenitumia picha ya ofisi yake mpya ya uwakili, ghorofa ya nane. Nimemjibu "hongera" na nimeizima simu.

Alhamisi, 25 Januari

Leo alikuja mtu. Nataka niandike yote kabla sijasahau.

Mlinzi wa getini ndiye aliyemleta. "Mama huyu anasema mumewe yuko nchi nyingine," aliniambia, "nikaona kibao chenu." Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, matope hadi magotini, viatu mkononi. Nilimpa kiti akakataa kukaa hadi nilipotandika gazeti, asikichafue.

Anaitwa Coleta. Ametoka Wampembe, kando ya ziwa, siku mbili zilizopita. Lori alilopanda lilikwama kwenye matope na sehemu ya njia ameitembea. Mumewe, Mathias, ni mvuvi. Tarehe tatu mwezi huu alitoka kuvua na mwenzake anayeitwa Kashinje, ikaja dhoruba kubwa, hawakurudi. Wanaume wa kijiji walitafuta ufukweni siku tisa. Hawakupata hata kasia. Ukoo ukaanza kuzungumzia msiba.

"Halafu akaja mtu wa meli ya mizigo," Coleta alisema. "Anasema ameiona boti ya Mathias imefungwa kwenye kituo cha askari ng'ambo. Ameitambua kwa ubao wa bluu. Ubao ule tuliuweka wote, mimi nilishika, yeye akagonga misumari. Kwa hiyo yuko hai. Nimezunguka ofisi, kila ninapoingia wananiuliza karatasi: ameshikwa wapi, kwa kosa gani, nani alimwona. Mimi karatasi sina. Nina mume."

Nilimuuliza ilikuwaje wakafika ng'ambo.

"Dhoruba iliwasukuma, mwanasheria. Mathias si mtu wa kuvuka."

Dokta alikuwa amesikia yote. Aliinuka, akamwamkia kwa upole, akampa pole. Kisha akasema: "Mama, hii ni ofisi ya utafiti. Hatuchukui kesi za watu." Akamwandikia kwenye karatasi jina la ofisi ya msaada wa sheria mjini.

Coleta aliisoma. "Huko nimetoka asubuhi," alisema. "Wao ndio wameniambia mambo ya nchi za nje hawayawezi." Akaikunja ile karatasi vizuri, akashukuru, akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka.

Nilimfuata kwenye mvua. Nimemleta nyumbani. Mama amempa maji ya moto na gauni langu la kijani, na sasa amelala chumbani kwangu. Sikuaga ofisini. Kama nitafukuzwa, nitafukuzwa.

Ijumaa, 26 Januari

Sikufukuzwa. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu alfajiri, na nilipofika niliyasema. Nilimwambia: "Dokta, siku ile ulimweleza Mama Herieth kusudi la kituo kwa dakika arobaini na hakuelewa. Yule mama wa jana amelieleza kwa dakika tano, nasi tumemtoa nje."

Alikaa na vitabu vyake hadi saa nane. Kisha akaja kwenye meza yangu, akasogeza sufuria linalokinga maji ya mvua, akaweka kitabu kimefunguliwa. Mkataba wa mwaka 1963 kuhusu kazi za balozi ndogo, kifungu cha thelathini na sita. Mtu akikamatwa nchi ya kigeni lazima aambiwe bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe, na watu wa ubalozi wana haki ya kumtembelea na kumtafutia wakili. Chuoni tulikisoma kwa ajili ya mtihani. Nilikijibu kwenye swali la tatu, nikakisahau.

"Hatuwezi kwenda mahakamani," Dokta alisema. "Lakini tunaweza kuandika. Ubalozi hauwezi kumtafuta mtu ambaye haujui kwamba yupo. Mwite mama yule."

Coleta alipokuja, Dokta alimuuliza maswali kwa saa mbili: tarehe, rangi ya boti, urefu wa Mathias, kovu, meno. Mwishoni akauliza, "Na huyu mwenzake, Kashinje, ni wa nani?"

"Ni mtu wa kuja," Coleta alisema. "Hana ndugu kwetu."

"Kwa hiyo hakuna anayemtafuta."

Dokta akachukua karatasi nyingine, akaandika jina la Kashinje juu kabisa, akaanza upya maswali yote.

Ijumaa, 2 Februari

Coleta amerudi kwa watoto wake. Rasimu ya barua iko tayari, kurasa nne. Dokta ameirudisha mara sita. Mara hii alama yake nyekundu iko kwenye sentensi moja tu: "Boti yao ilisukumwa na dhoruba hadi ng'ambo." Pembeni ameandika: Unajuaje?

Jumatatu, 5 Februari

Nilimwambia Baba kuhusu ile sentensi, nikilalamika. Alitafuna kidogo, akasema, "Si umuulize mjomba wako Azizi? Meli yake ndiyo inapeleka mahindi yangu huko. Watu wa maji wanajuana." Kisha, akitazama sahani: "Ijumaa nina mzigo. Nitakwenda mwenyewe na gari. Panda."

Jumamosi, 10 Februari

Nimerudi kutoka Kasanga na ninatamani nisingekwenda.

Njiani Baba aliniuliza kuhusu kazi, kwa mara ya kwanza akiuliza kama anayetaka kujua. Nilimweleza kile kifungu. Tulikuwa tumepita Matai, tumeanza kuliona ziwa. "Kwa hiyo mimi nikishikwa huko," alisema, "wanatakiwa kuniambia?" Nikasema ndiyo. "Miaka ishirini na tano nasafirisha mizigo," alisema, "hakuna aliyewahi kuniambia."

Mjomba Azizi alikuwa anasimamia upakiaji. Alisema anamfahamu Mathias, kila mtu anamfahamu. Aliposikia habari ya dhoruba alinitazama, akamtazama Baba, akanivuta pembeni ya magunia.

"Mwanangu, dhoruba ilikuwepo," alisema. "Lakini ilikuja baadaye. Wale walivuka mchana kweupe. Huko samaki wapo, huku wamepungua. Mwezi wa kumi na mbili walikamatwa mara ya kwanza, wakaonywa, wakaachiwa. Nilikuwepo mimi, nilimsikia Mathias akiahidi hatarudia."

"Mkewe anajua?"

"Alimsindikiza ufukweni. Atakosaje kujua?"

Nimeitoa ile barua na kuisoma tena. Ni barua nzuri. Sentensi ya dhoruba ndiyo inayoishikilia yote: mvuvi maskini, asiye na hatia, ametupwa na upepo. Ukiitoa, anabaki mtu aliyeonywa akarudi. Nani atahangaika naye? Nimefikiri hivi: nisiposema, hakuna atakayejua. Dokta hajui, ubalozi hautajua, Mjomba hasomi barua za ubalozi. Nimekasirika na Coleta hadi nimelitupa lile gauni la kijani kwenye kapu la nguo chafu, ingawa alikuwa amelifua na kulikunja.

Jumapili, 11 Februari

Nimekwenda kumtafuta Dokta. Jirani yake aliniambia yuko shambani kwa mama yake, nje ya mji, nikapanda bodaboda. Nilimkuta amevaa gamboti, anapalilia ulezi, amerudi kutoka misa ya kwanza. Mama yake, bibi mfupi mwenye sauti kubwa, alikuwa mstari wa mbele yake akimsahihisha: "Hilo si jani, Valerian, huo ndio ulezi wenyewe!" Sikuwahi kudhani kuna mtu anayemsahihisha.

Nilimwambia yote, na pia kwamba nilikusudia kuficha. Aliendelea kupalilia.

"Kile kifungu umekisoma mara ngapi?" aliuliza.

"Hata ishirini."

"Kinasema mtu asiye na hatia?"

Nilifikiri. "Hapana. Kinasema mtu aliyekamatwa."

"Basi dhoruba ya nini kwenye barua?"

Nikasimama pale na matope yangu. Ilikuwa wazi kiasi kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimejaza kurasa nne kuthibitisha kwamba Mathias ni mwema, wakati haki yenyewe haikuuliza kama ni mwema.

"Tukisema uongo mmoja," Dokta alisema, "wakaugundua, watatupa na ule ukweli mwingine wote: jina, tarehe, boti. Na mama mwingine akija mwakani hatutaaminiwa." Alinyoosha mgongo. "Kauthar, mimi nimeandika ripoti kumi na moja huko nilikokuwa nikifanya kazi. Zimefungwa vizuri, zina picha. Hakuna hata moja iliyomrudisha mtu nyumbani. Siku ile yule mama alipokuja, niliogopa. Nilimpa karatasi kwa sababu niliogopa."

Bibi akauliza kwa nini tumesimama. Nikapewa jembe.

Jumanne, 13 Februari

Coleta amepanda kuja kusaini maelezo yake. Nilifunga mlango nikamwambia nimeongea na watu wa Kasanga. Nilitaka kumkaripia, lakini alikuwa ameshaelewa tangu nilipofunga mlango.

"Ningesema alivuka," alisema, "nani angenifungulia?"

Mimi mwenyewe nisingemfungulia.

Alilia kidogo, akajifuta na ncha ya kitenge. "Nilimwambia asiende. Akasema mara moja tu, tulipe ada ya Januari. Nikamfungia chakula. Kwa hiyo na mimi nimevuka."

Tumeandika upya. Kurasa nne zimekuwa mbili. Hazisemi dhoruba, hazisemi kwamba wanaonewa. Zinasema: raia wawili, majina haya, sura hizi, boti hii, wameonekana mahali hapa, siku hizi arobaini hakuna aliyejulishwa, hiki ndicho kifungu, tunaomba watembelewe. Coleta alitaka kuweka dole gumba, akabadili mawazo, akaomba kalamu, akaandika jina lake.

Jumatano, 14 Februari

Barua imeondoka.

Jumanne, 20 Februari

Hakuna.

Jumatatu, 26 Februari

Hakuna. Mvua siku ya tisa mfululizo. Mama Herieth amepita kutazama kama paa linavuja juu ya rafu. Nadhani anapima mahali pa magunia.

Alhamisi, 29 Februari

Amekuja Adolfu, kaka mkubwa wa Mathias. Mtu mrefu, kofia mkononi, hakutaka kukaa.

"Ninyi ndio mnaompa shemeji yangu matumaini," alisema. "Ukoo umekubaliana tukae msiba. Amekataa kuketi kwenye mkeka. Watoto hawajui walie au wasubiri. Mnajua kijiji kinamsemaje mwanamke asiyemlilia mumewe?"

Nilimwona katili. Nikamjibu kwa ukali kwamba kuna shahidi aliyeiona boti.

"Boti nimesikia," alisema. "Boti inaweza kuokotwa ikielea bila mtu." Akageuza kofia mkononi. "Siku zile tisa mimi nililala ufukweni, binti. Kila gogo nililiona ni yeye. Siwezi tena. Nataka mtu aniambie amekufa, nipumzike."

Dokta alimletea chai mwenyewe, kikombe chake, maana vingine hatuna. Hakumwambia usijali. Alimwambia, "Hatujui kama yuko hai. Tumeuliza. Tukipata jibu la kifo tutakuletea hilo hilo, siku hiyo hiyo." Adolfu alikunywa chai yote akiwa amesimama. Alipoondoka alisema watasubiri hadi Pasaka.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza. Ofisini ni mimi na Dokta, na leo ameacha kunywa chai yake mbele yangu. Anatoka nayo nje, kwenye kibaraza, mvua ikimrushia. Nimemwambia hainisumbui. Amesema inamsumbua yeye.

Jumatano, 20 Machi

Simu kutoka ubalozini. Wameipata barua, wameuliza ng'ambo, wamejibiwa kwamba wapo "watu wa boti" katika gereza la mji mmoja mbali na ziwa. Majina hayajathibitishwa. Afisa atakwenda. Niliuliza lini. Akasema atakwenda, dada, atakwenda.

Nikampigia Coleta. Mtandao Wampembe ulikatika mara tatu kabla sijamaliza neno "wapo".

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Najua wanafanya nini Wampembe: wanahesabu. Nimefuturu bila kusikia ladha ya uji. Baba ameniuliza mara mbili kama simu yangu ina chaji.

Alhamisi, 4 Aprili

Saa tano na robo asubuhi. Simu.

Yule afisa alisema, "Nimetoka kuwaona." Nikamwomba arudie. Akarudia. Wote wawili wako hai. Walihukumiwa miezi sita mwezi wa kwanza, kesi ya siku moja, bila wakili, na hakuna aliyewaambia wanaweza kuomba ubalozi. Mathias amekonda sana na alikuwa na homa, amepelekewa daktari. Kashinje alipotajiwa jina lake alidhani ameitwa kwa kosa jipya, akakataa kutoka. Mtu wa gerezani alilazimika kumwonyesha barua yenye jina lake juu.

Nikamwinulia Dokta vidole viwili. Alielewa. Alivua miwani, akaisafisha kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

Nikampigia Coleta, nikamwambia. Nilisikia mtu akipiga kelele, nikadhani ni yeye. Kumbe ni Adolfu.

Alhamisi, 18 Aprili

Baraza la Chuo. Wajumbe tisa, sisi wawili mwisho wa meza. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliuliza bila kuzunguka: "Chuo hiki hakina maabara ya kutosha, wanafunzi wanasoma kwa zamu. Chumba cha mambo ya nje ni cha nini?"

Nilimgeukia Dokta, tayari kwa dakika arobaini. Akasema, "Mwenzangu atajibu."

Sikuwa nimeandaa. Niliwaambia kuhusu mwanamke aliyekuja na viatu mkononi. Sikumtaja jina. Niliwaambia pia kwamba wanaume wale walivuka wakijua, na kwamba nilitaka kuwaficha. Niliwaambia sisi tunaishi karibu na ziwa lenye nchi nne, watu wetu wanapita kila siku, na sheria inayowalinda iko kwenye kitabu ambacho hapa hakuna aliyekuwa akikifungua. "Kazi yetu ni kukifungua," nilisema, "na kuandika kile tulichokiona kwa namna ambayo mtu wa mbali anaweza kukiamini." Nikakaa.

Mama Herieth aliinua mkono. Nikajua ni mbegu.

"Mwezi wa kumi na moja niliwaambia sijui ni cha nini," alisema. "Sasa najua. Naomba kumbukumbu zionyeshe." Kisha akaongeza kwamba anaomba nusu ya rafu hadi maabara yake itakapopanuliwa.

Tumepewa miaka miwili. Nyongeza ya fedha hakuna. Nusu ya rafu imekwenda.

Jumanne, 23 Aprili

Ubalozi umewapatia wakili. Rufaa imesikilizwa. Kwa sababu hawakuambiwa haki yao, hakimu amepunguza kifungo hadi siku walizokwisha kukaa. Kosa limebaki kosa. Boti na nyavu havirudi.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua zimekwisha, asubuhi kulikuwa na baridi kavu. Leo wamerudi, kwa meli ya Mjomba Azizi, hadi Kasanga. Tulikwenda na Baba. Alisema ana mzigo, lakini Fuso ilikuwa tupu.

Coleta alikuwa pale tangu jana na watoto wawili. Mathias alishuka akishikiliwa na Kashinje. Nilitegemea kilio, mbio. Coleta alimwendea polepole, akamshika uso kwa mikono miwili, akamkagua kama anayemkagua mtoto aliyeanguka, mashavu, shingo, kisha akampiga ngumi moja kifuani, si ya nguvu. "Ulisema mara moja," alimwambia. Mathias akaweka kichwa begani kwake. Adolfu alisimama nyuma yao, akitazama maji, akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Watu walipoanza kuondoka nilimwona Kashinje amesimama peke yake na mfuko wa nailoni, akingoja asijue anangoja nini. Adolfu naye akamwona. Akamwendea, akamnyang'anya ule mfuko, akautundika begani. "Twende nyumbani," alisema, "kumepikwa."

Njiani Baba aliendesha hadi tulipomaliza kupanda mlima. Kisha akaomba nimwandikie kile kifungu kwenye karatasi, kwa Kiswahili cha kawaida, akakitundike kwenye meli ya Azizi na kwenye magari yake. Nimekiandika usiku huu mara nne. Kila rasimu naona neno ambalo dereva hatalielewa.

Jumanne, 14 Mei

Mathias amekuja ofisini na Coleta. Alitazama chumba, meza mbili, magunia ya mbegu. "Nilidhani ni jengo," alisema. Dokta akamwambia nasi tulidhani hivyo.

Tulimweleza kwamba tunataka kuhifadhi maelezo yake, yawe ya kwanza kwenye kumbukumbu za kituo, na kwamba halazimiki. Coleta alitaka kusema kitu. Mathias akamgusa mkono.

"Andika," aliniambia. "Tulivuka tukijua. Tulishaonywa."

Coleta alifunga macho. Kalamu yangu ilisita, na Dokta, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kitabu chake, akasema, "Andika kama anavyosema." Nikaandika. Mathias alisimulia hadi adhuhuri: chumba walichofungiwa, hukumu ya lugha aliyoielewa nusu, homa, siku afisa alipokuja. Hakujitetea popote. Alipomaliza uso wake ulikuwa umelegea.

Akaomba kusoma mwenyewe. Alikuwa anasoma taratibu, kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza, na hakuna aliyemharakisha. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, kwenye jina lake kamili, kidole kikasimama.

"Baba yangu ni Wenseslaus," alisema. "Hapa umeruka s moja."

Nikachukua kalamu, nikaiongeza ile s.